Waliposema Nimetulia

Kwetu Shella ya Malindi, msichana hasifiwi uzuri wala akili kabla hajasifiwa utulivu. Watu huuliza kwanza, "Ametulia?" Likijibiwa vizuri swali hilo, mengine yote ni nyongeza. Kutulia ni kusema kwa sauti isiyovuka ukuta, kucheka bila kuanika meno yote, kupita mbele ya baraza za wanaume macho yakiwa chini, na kukaa ndani hata pale ambapo hujaambiwa ukae ndani. Maji hutulia, homa hutulia, na msichana naye hutulia. Neno ni hilo hilo moja, na ndilo lililotuponza.

Mimi sikuwa nimetulia. Nilizaliwa na mdomo. Nikicheka, jirani wa nyumba ya tatu huuliza kuna harusi gani. Nikitumwa dukani kununua chumvi, nilirudi na habari za mtaa mzima na chumvi nimeisahau. Mama yangu, ambaye kwao ni visiwa vya kaskazini na aliyelelewa na wanawake wanaonong'ona hata wakigombana, alinitazama kama mtu aliyeagiza mchele akaletewa mahindi. "Debe tupu," aliniambia, na methali yenyewe haikuhitaji kumaliziwa. Siku alizochangamka alinitania: "Wewe tutakuoza kwa mwadhini, mshindane nani atasikika mbali." Siku ambazo hakuchangamka hakutania. Alisema namtia aibu, na kwamba wanawake wenzake wakija kumtembelea yeye humwomba Mungu wanikute nimelala.

Aliyenitetea ni bibi, mama yake baba, ambaye tulikuwa tukiishi naye. Macho yake yalikuwa yamefifia, akishinda kwenye kitanda cha kamba ukumbini, na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea dunia pale alipo. Nikirudi shule hata viatu sijavua, ataniita: "Haya redio yangu, habari." Nami nitamwambia nani amepita na amevaa nini, nani kagombana na muuza maji, mwalimu gani amekuja darasani kiatu kimeachama. Nilipoziiga sauti za watu bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. Mama akisema nimezidi, bibi alimjibu, "Mwache mtoto. Redio yangu ni hii, na haili betri."

Watu wakiniuliza ugonjwa wangu ulianza lini, hutaka niwatajie tukio. Nani alikufa, nani alinipiga, mvulana gani aliniacha. Naona wanavyovunjika moyo nikisema hapakuwa na lolote. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa. Nyumba ilikuwa na chakula. Wazazi walikuwa wakipatana, ijapokuwa baba alifanya kazi Mombasa akirudi mwisho wa mwezi. Ugonjwa ule ungekuwa unabisha hodi, kwetu usingepata sababu ya kukaribishwa. Haukubisha.

Ulianza na hasira, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba linawezekana. Niliwafokea watoto wadogo waliocheza mlangoni. Nilimjibu mama vibaya kwa sababu ya ufagio. Mama akasema ni umri, na hakukosea kabisa, kwani wasichana wote wa kidato cha pili wana ndimi. Kisha hasira nayo ikaondoka, na ilipoondoka haikuacha kitu mahali pake. Ndiyo maana naudhika watu wanapouita ugonjwa ule huzuni. Huzuni ningeishukuru. Mwenye huzuni hulia kwa sababu kuna kitu anakipenda. Mimi nilikuwa nikikaa kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, nikijua kengele ya shule inakaribia, na nisiione sababu ya kuvaa ile ya pili. Wali wa nazi haukuwa na ladha. Kichwa kiliniuma, mgongo uliniuma, nikilala mchana naamka mzito kuliko nilivyolala.

Baya zaidi ni kwamba niliamini huo si ugonjwa. Niliamini kwamba hivyo ndivyo nilivyo, na zile kelele zangu zote za zamani zilikuwa uongo. Sikutaka kufa. Nilitaka tu nisiwepo, na pasiwe na mtu wa kunitafuta. Leo najua kwamba wazo hilo peke yake latosha kumwambia mtu mzima mara moja. Wakati ule nililiona wazo la kawaida, nikadhani kila mtu analo na hawalisemi kwa adabu tu.

Basi nikanyamaza. Sikuamua kunyamaza. Kila neno lilikuwa kazi, na sikuwa na nguvu za kazi. Na hapo ndipo sifa zilipoanza.

Alianza mwanamke mmoja aliyekuja kumtembelea mama. Nilimwamkia kwa sauti ndogo, nikamletea kahawa na kaimati, kisha nikaketi pembeni nikiutazama mkeka, kwa sababu mkeka haukutaka chochote kwangu. Alipoaga alimshika mama mkono. "Mashaallah, mwanao ametulia," alisema. "Umesubiri, na Mungu amekulipa." Mama alirudi ndani uso unang'aa. Alinitazama muda, akatikisa kichwa kama asiyeamini, akasema, "Kumbe wajua kukaa na watu."

Baada ya hapo sifa zilikuja zenyewe. Baba alileta halwa kutoka Mombasa, nikamega kipande kimoja nikakiacha kwenye sahani, akasema mtoto sasa ana adabu ya kula. Shuleni alama zangu zilikuwa zimeporomoka, lakini mwalimu alimwambia mama kwamba nidhamu yangu ni ya mfano, na mama akalichukua hilo la pili akaliacha la kwanza pale pale shuleni. Wapita njia, jamaa, wenye harusi, wote walikuwa na neno lile lile: ametulia. Ajabu ni kwamba watu hao hao ndio wanaosema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali tunazo za kutosha, sema huwa tunazitumia kwa watoto wa wenzetu.

Na mama akanipenda. Najua alinipenda kabla ya hapo, sihitaji kuambiwa. Lakini sasa alinipenda kwa sauti. Aliacha kuniita "we!" akaanza kuniita "mwanangu". Alinisuka mwenyewe, jambo aliloliacha zamani kwa sababu ya mayowe yangu kila alipovuta nywele, na hakujua kwamba sasa sipigi mayowe kwa kuwa hata maumivu yalikuwa yakinifikia kwa mbali. Alininunulia buibui jipya. Wageni wakija alinikalisha ubavuni mwake, mkono wake begani mwangu. Malindi si mji wa mtu kulalamikia baridi, lakini mkono ule ndio kitu pekee kilichokuwa na joto kwangu. Sikuwa na hamu ya chakula, ya rafiki, ya sikukuu. Ya mkono ule nilikuwa nayo, nayo ilinifunga mdomo zaidi. Ungekuwa wewe, ungemwambia mama nini? Kwamba hicho anachokisifu ndicho kinachonila?

Bibi peke yake hakusifu. "Redio yangu," aliniita, "leo pia hakuna habari?"

"Hakuna, bibi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu, akavigeuzageuza vidole. "Redio hii imeharibika," alimwambia mama. "Ipelekeni kwa fundi."

Mama alicheka. Sote tulimzoea bibi kwa mizaha yake. Sasa nikikumbuka sauti yake sioni mzaha ndani yake hata kidogo, lakini alikuwa amesema kwa lugha yangu na yake, na mimi niliyeijua lugha hiyo sikuwa na nguvu za kumfasiria mama.

Bibi alifariki mwaka huo huo, siku chache kabla ya Ramadhani. Nyumba ilijaa wanawake, mikeka ikatandikwa mpaka uani, ubani ukafukizwa, juzuu za Kurani zikagawiwa. Kwetu kumlilia maiti kwa kelele hakupendezi, mtu ahimizwa asubiri. Mimi sikulia hata kimya kimya. Niligawa juzuu, nikaosha vikombe, nikamshika mkono kila aliyekuja kunipa pole. Nyuma yangu nilisikia, "Tazameni subira ya mtoto huyu. Wakubwa wazima hawana." Nilienda nikasimama kando ya kitanda cha kamba kilichokuwa kimesimamishwa ukutani, nikajiambia, huyu ni bibi, huyu ni bibi yako. Hakuna kilichotikisika. Nikaogopa. Nilijiona mtu mbaya ambaye watu hawajamgundua bado.

Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi ni mjukuu kweli kweli, na majuto yangu ni haya: bibi aliondoka akisubiri habari, na nje ya mlango wetu kulikuwa na mtaa mzima.

Matanga yalipoanuliwa, nyumba ya pili yetu ilihamiwa na familia kutoka kijiji cha Ganda. Walikuwa Wagiriama, Wakristo, watu wa kulima, ila mume alikuwa amepata kazi ya ulinzi mjini. Walikuwa na binti wa rika langu, akatiwa darasa langu, na binti huyo alikuwa mimi yule yule wa zamani. Alicheka kwa kelele, alisimulia kwa mikono, alimsalimia kila mtu kutoka upande wa pili wa njia. Mama yake alikuwa mgeni mtaani na alimwonea haya. Siku moja aliingia uani kwetu, akamwambia mama, "Mama, naomba unisaidie. Huyu wangu ni zogo tupu. Mwache awe akija akae na wako wakitoka shule, wasome pamoja, pengine ataambukizwa huo utulivu."

Mama alikubali kwa fahari isiyofichika. Mtu akija kukuomba mbegu za shamba lako utamnyimaje? Mimi nilibaki na lile neno, kuambukizwa, ambalo jirani yetu alikuwa amelipatia sawasawa bila kujua.

Binti yule akawa akija kila jioni. Tuliketi ukumbini, mimi na kitabu cha baiolojia mapajani, yeye na kila alichokiona siku nzima. Alizungumza pasipo kungoja jibu. Sikuchukizwa naye wala sikumfurahia, alikuwa pale tu, kama sauti ya nyumba ya jirani. Kisha siku moja aliacha hadithi yake katikati.

"Hivi kitabu hicho kina ukurasa mmoja?"

Nikauinamia ukurasa.

"Jana ulikuwa hapo hapo. Juzi hapo hapo. Kuna mjusi wa kuchorwa, nimeshamzoea mpaka nataka kumsalimia."

Nadhani nilitabasamu. Yeye alikuja kuniambia baadaye kwamba sikutabasamu, na kwamba hilo ndilo lililomtisha, kwa kuwa mzaha wa mjusi ulikuwa mzuri. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Akanitazama, akaweka kitabu chake chini, akainuka akaenda uani, ambako mama alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilisikia kila neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwasoma?"

"Mimi nasoma. Yeye hasomi. Mama, huyu hajatulia."

"Hajatulia kivipi? Amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Ndiyo yenyewe hiyo, hafanyi kitu. Mama, kwa bibi yangu kule Ganda tuna kuku. Kuku akijikunyata pembeni, hali, ukimfukuza hakimbii, bibi hasemi ametulia. Bibi asema huyo yuaumwa, na asipotazamwa leo, kesho tutamfukia."

Nazi iliacha kukunwa.

"Mwanangu mimi ni kuku?"

"Sikusema ni kuku, mama."

"Nenda kwenu. Kamwambie mamako sina nafasi ya kufunza watoto wa watu."

Alipita ukumbini kuchukua vitabu vyake, macho yamejaa machozi, na hakuthubutu kunitazama. Mama alisema mambo kuhusu watoto wa mashamba ambayo sitayaandika hapa, kwa heshima yake. Aliyasema kwa sauti kubwa, yeye asiyependa sauti kubwa. Lakini alipomaliza kuyasema hakurudi kwenye nazi.

Alikuja akaketi mbele yangu. Akaushika mkono wangu, akazisukuma bangili zikapanda mpaka kwenye kiwiko bila kuzuiwa na kitu. Kisha akajaribu kucheka. "We," aliniambia, "nimesikia yule mwadhini wetu yuatafuta mke. Tukuoze?"

Zamani ningemjibu maneno ishirini. Ningesema mahari yangu ni kipaza sauti. Mama alikuwa ameinua nyusi akingoja, na nilijua anangoja, na nilitafuta.

"Haya, mama," nikasema.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wa kale, na mgeni wetu tulikuwa tumemfukuza muda si mrefu uliopita.

Mama alinipeleka kwanza kwa mzee mmoja wa kusomea wagonjwa Kurani, kwa kuwa ndiko alikokujua. Sina la kumlaumu mzee yule. Alinisomea vizuri, kwa upole, hakunitajia jini wala hakudai kitu, na alipomaliza alimwambia mama, "Mimi nimesoma, na kusoma ni shifaa. Lakini mtoto huyu mpeleke na hospitali." Wako wengi ambao wangetuweka pale mwezi mzima.

Hospitali tulikutana na daktari mwanamke, mtu wa maneno machache. Alizungumza nami peke yangu kwanza, akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, likiwemo lile la kutaka nisiwepo, na alipoliuliza hakukunja uso. Kisha akamwita mama, akamwambia nina sonona.

Mama analijua neno hilo, ila analijua kutoka kwenye taarab, ambako mioyo husononeka usiku kucha kwa ajili ya mtu. Akanigeukia taratibu.

"Nani huyo?"

"Nani yupi, mama?"

"Anayekusononesha. Mtoto wa nani?"

Daktari alifunika mdomo kwa mkono, kisha akajikaza. "Mama, hakuna mtu," alisema. "Ni ugonjwa, kama ilivyo sukari au presha. Kwa watoto wa umri huu haufanani na unavyowajia wakubwa. Mmoja atakuwa mkali, mwingine atashindwa masomo, mwingine atalala kutwa, mwingine ataumwa tumbo kila asubuhi. Na mwingine atanyamaza. Huyo wa kunyamaza hatumpati mapema. Wazazi hutuletea yule anayevunja sahani."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, na huruma ile ilinishangaza, kwa kuwa ilikuwa muda mrefu tangu nihisi kitu juu ya mtu. Daktari akaniuliza, mbele yake, ni jambo gani linaloniogopesha kuliko mengine yote. Alidhani nitasema kifo, au mtihani.

"Kupona," nikasema.

"Kwa nini kupona?"

Sikutaka kusema na mama yupo. Lakini daktari alikuwa hodari wa kungoja, na mwishowe maneno yakatoka. "Nikipona nitapiga kelele tena," nilimwambia. "Na mama hanipendi nikipiga kelele."

Mama alivuta mtandio akajifunika uso. Tukatoka hospitali. Alinishika mkono tukavuka barabara, akanishika tulipomaliza kuvuka, akanishika hivyo hivyo mpaka mlangoni kwetu, watu wakitutazama, mimi msichana mkubwa namna ile. Tulipofika aliniambia, "Mwanangu, mimi nilidhani umekua." Hiyo ndiyo samahani niliyopewa, na nimeikubali.

Kupona hakukuwa kwa ghafla. Nilikuwa nikienda kuzungumza na daktari, nikapewa na dawa, wiki nyingine nikidhani tunacheza tu. Lililoanza kurudi ni hasira, nikamgombeza mama kwa sababu ya taulo, na yeye badala ya kunikemea akaenda kumpigia baba simu kumwambia nimegomba. Kisha, mwaka ukiwa umepita tangu tumzike bibi, nilikuwa napepeta mchele uani, nikamwona paka wa jirani akitembea juu ya ukuta na kichwa cha samaki mdomoni, mwenye samaki akimfuata chini kwa kandambili moja. Nikainuka kwenda kumwambia bibi. Nilifika ukumbini, ndipo nikalia. Nililia mpaka majirani wakaja, na kilio hicho hakikuwa na subira ndani yake. Wanawake walisema nimechelewa, matanga yameisha zamani. Hilo nililijua. Nilikuwa nimemkosa bibi mara mbili, alipokufa na nilipokuwa naye hai ukumbini, na mara hiyo ya pili ndiyo ninayoilia hadi leo.

Mtaa haukunisamehe upesi. Walipoambiwa nilikuwa mgonjwa walisema, "Kumbe! Na alivyokuwa ametulia!" Sauti yangu iliporudi kamili walisema nimeharibika tena. Siku hizi siudhiki sana. Nauza leso, hizi kanga za wanawake, mjini Malindi, na kwenye biashara ya leso mwenye kunong'ona hulala njaa. Lakini kila nikipita nyumba ambayo mama anajisifu mbele ya mgeni kwa sababu binti yake haonekani wala hasikiki, moyo hunidunda, na mara nyingine nimeingia nikaomba maji ya kunywa ili tu nimtazame huyo binti usoni. Wengine ni watulivu kweli, Mungu kawaumba hivyo, nakunywa maji yangu nakwenda zangu. Si wote.

Yule binti wa Ganda sikumshukuru ipasavyo. Tulizungumza mara chache shuleni, akanisimulia habari ya mjusi, kisha baba yake akaachishwa kazi na familia ikarudi shamba. Mama amepeleka salamu mara nyingi. Miguu hajaipeleka. Ganda si mbali, kwa hiyo najua si njia inayomshinda, ni aibu, na mimi pia nimejificha nyuma ya aibu yake.

Lakini linalonisumbua zaidi kwa sasa ni mama mwenyewe. Amezeeka, na amekuwa mtu wa kuogopa. Hivi karibuni nilirudi kutoka kuuza leso nimepayuka tangu asubuhi kwenye jua, nikavua viatu, nikaketi ukumbini nikanyamaza. Kilikuwa kimya cha mtu mzima anayetaka kupumzisha koo. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mbona kimya?"

"Nimechoka tu, mama."

Hakuondoka. "Sema kitu, basi."

"Sina la kusema."

"Basi nitukane."

Huyu ni mwanamke aliyenilea nikijua kwamba mtoto anayemwinulia mamake sauti hana radhi duniani wala akhera. Alikuwa amesimama pale, mwiko unadondosha mchuzi sakafuni, anangoja nimtukane. Nilitaka kumwambia kwamba niko mzima, kwamba mtu mzima pia hunyamaza. Nikaona hataniamini, na kwamba nikiendelea kunyamaza hatakula. Basi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, kwa kelele zangu zote, nikamwambia mchuzi wake utatuunguzia nyumba yeye yuataka matusi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, uso ukamlegea, akarudi jikoni ameridhika.

Hakukuwa na kilichonichekesha. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimemdanganya tena mama yangu ili awe na furaha.